Shule Ina Masomo, Mtoto Hana Somo

Vuta kigoda, msikilizaji wangu, tuzungumze.

Nianze na daftari. Lilikuwa daftari la hesabu la mtoto wa darasa la tano, mvulana, enzi zile nilipokuwa bado nashika chaki. Alikuwa amelifunika kwa karatasi ya kaki, na ndani mlijaa hesabu za sehemu zilizoachwa nusunusu. Chini ya kila moja nilikuwa nimeandika kwa kalamu nyekundu: "Mzembe. Ongeza bidii." Muhula mzima ndivyo nilivyomwandikia. Asubuhi moja nikamwita ubaoni ajumlishe nusu na robo. Akasimama na chaki mkononi, kautazama ubao, asiandike kitu. Nikamwambia andika. Hakuandika. Nikachukua fimbo, nikamchapa mbili za mkononi, wenzake wakitazama. Akarudi kukaa bila hata kulia. Moyoni nikasema: huyu kaanza jeuri.

Ijumaa yake nilikuwa nasahihisha, daftari lile likaniponyoka, likafunguka kwa nyuma. Kurasa zote za nyuma alikuwa amechora picha moja tu, ileile: mafiga matatu, chungu juu yake, na pembeni mbuzi ya kukunia nazi. Kaichora taratibu, meno ya mbuzi moja moja, hadi msumari unaokishikilia kile chuma kwenye kibao. Lakini juu ya kibao hapakuwa na mtu. Nikafunua ukurasa wa pili, wa tatu, wa nne, mbuzi haina mtu.

Nilimwita, nikamuuliza hapa huwa anakaa nani. Akasema, "Bibi." Yuko wapi? "Tulimzika likizo." Alikuwa bibi aliyemlea tangu mama yake alipokwenda mjini kutafuta maisha. Mtoto yule alikuwa amekuja shuleni wiki tisa mfululizo, hakukosa siku, na msiba wake ndani ya mkoba pamoja na rula. Pale shuleni hapakuwa na mtu mzima hata mmoja aliyejua. Mimi nilijua namba yake kwenye daftari la mahudhurio. Nilijua alama zake. Nikamchapa.

Sijapata kulisema hili hewani. Nalisema leo kwa sababu ya simu moja ya wiki iliyopita. Nilikuwa nimegusia tu, kwa dakika mbili, kwamba shule zetu zingefaa kuwafundisha watoto namna ya kuishi na huzuni, hofu na hasira. Baba mmoja akapiga, kwa adabu zake zote. "Shikamoo mama. Mama, hayo mambo ya afya ya akili yatatulegezea watoto. Sisi tulichapwa, tulitembea pekupeku, tulifiwa, tukajikaza. Leo si watu?"

Marahaba, baba. Wewe ni mtu, tena ni mtu unayewapenda wanao, ndiyo maana ulipoteza salio lako kunipigia. Hofu yako naielewa. Dunia haimwonei mtu huruma, na mzazi angependa mwanawe aikabili akiwa imara. Nami sikatai, kujikaza ni ustadi. Mama aliyefiwa hujikaza ili wageni wapate chakula. Nahodha hujikaza bahari ikichafuka. Lakini mtazame vizuri yule mama: akishamaliza kugawa chakula, jioni hukaa jamvini na wenzake, wakalia pamoja, na kesho yake tena, hadi arubaini. Wazee wetu waliweka matanga kwa sababu walijua kujikaza kuna mwisho wake. Mtoto wa shule tumempa ile nusu ya kwanza, jikaze, tukamnyima jamvi la jioni. Na yule aliyesimama ubaoni bila kuandika alikuwa amejikaza, baba. Alijikaza wiki tisa. Kujikaza huko ndiko mimi nilikokuita jeuri.

Ndani ya ubongo wa binadamu kuna kipande kidogo chenye umbo la lozi. Wataalamu wanakiita amigdala, na kazi yake ni kupiga mbiu hatari ikija. Mbiu ikilia, moyo unakwenda mbio, misuli inakaza, na ile sehemu ya mbele ya ubongo, ya kupanga na kukokotoa, inazidiwa. Sehemu hiyo ya mbele ndiyo inayochelewa kukomaa kuliko zote. Mtu anapita miaka 20 bado inajengwa. Sasa mchukue mtoto wa miaka 11 ambaye mbiu inalia ndani yake usiku na mchana, umuulize nusu jumlisha robo. Halafu umwongezee fimbo. Nilikuwa napiga mbiu juu ya mbiu, nikitegemea jibu liwe robo tatu.

Shirika la Afya Duniani linasema theluthi moja ya matatizo ya afya ya akili huanza kabla mtu hajatimiza miaka 14. Miaka 14 kwetu ni darasa la saba, kidato cha kwanza. Huyo bado ni mtoto wa sare na mkoba, yuko mbele ya macho yetu kila siku.

Tatizo ni kwamba neno lenyewe, afya ya akili, linatisha watu. Mtoto wa Tanzania Bara akitaka kumtukana mwenzake humwambia "wewe wa Milembe", akimaanisha hospitali ya Mirembe kule Dodoma. Unguja watamtajia Kidongo Chekundu, Nairobi watamtajia Mathari. Hospitali tatu zinazotibu watu tumezigeuza matusi ya uwanjani. Mtoto aliyekua akiyasikia hayo, siku wasiwasi ukimkosesha usingizi, atamwambia nani? Atanyamaza, asije akaitwa wa Milembe. Ndiyo maana mimi nikienda shuleni neno hilo silitumii siku ya kwanza. Naanza na Kiswahili chetu cha kawaida.

Mwalimu mmoja rafiki yangu alinialika kwenye darasa lake la sita, watoto sabini na kitu, wamebanana watatu watatu kwenye dawati. Baada ya salamu nikawauliza, mmeamkaje mioyoni? "Poa!" Wote kwa sauti moja. Na kama hujaamka poa, umeamkaje? Kimya kikapita, kisha mmoja akasema, "Stresi, mwalimu." Poa na stresi. Watoto wa lugha tajiri kama hii, na mfukoni wana maneno mawili!

Tukaanza kuandika ubaoni. Fadhaa, pale unapohangaika hujui ushike lipi. Jakamoyo, moyo unapokwenda mbio kwa kungoja jambo unaloliogopa, kwa mfano matokeo ya mtihani. Kinyongo, hasira uliyoimeza ikakataa kushuka. Soni, unapotamani ardhi ikufunike. Kihoro, ule mshtuko wa kupotelewa. Wakawa wanabishana wenyewe kwa wenyewe, huyu anasema Jumatatu alikuwa na fadhaa, mwenzake anamwambia hapana, ile ilikuwa soni, nilikuona. Nikaandika ukiwa: upweke wa aliyeondokewa, nyumba ni ileile lakini haina mtu. Nilipoliandika hilo mkono ulinilegea, maana nilimkumbuka yule wa mbuzi ya nazi. Neno lake lilikuwepo katika lugha yetu siku zote, na mimi mwalimu wake sikumpa.

Utauliza, kulijua jina kunapunguza nini? Kunapunguza. Mwaka 2007 Matthew Lieberman na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walichapisha utafiti ambamo watu walionyeshwa picha za nyuso zenye hasira au hofu huku ubongo wao ukipigwa picha. Walipotakiwa kuitaja kwa neno hisia wanayoiona, ile lozi ya mbiu ilitulia kidogo. Bibi zetu hawakuwa na mashine, lakini walikuwa wakituvuta pembeni na kutuambia: sema mwanangu, usikae nalo.

Halafu tukapuliza uji. Shule ile hutoa uji saa nne, kwa hiyo kila mtoto anajua ninachosema. Ukipewa kikombe cha bati, uji unafuka moshi, unafanyaje? Kwanza unaunusa, pumzi inaingia puani. Kisha unapuliza, mdomo umeuchongoa, polepole, pumzi ndefu kuliko ile uliyoivuta, kwa sababu ukipuliza kwa pupa uji utakurukia usoni. Mara tano hivyo. Hebu waone watoto sabini, mikono imezunguka vikombe visivyokuwepo, wanapuliza kwa pamoja. Pumzi inayotoka taratibu huupunguza mwendo wa moyo, kwa njia ya neva inayotoka ubongoni na kushuka kifuani hadi tumboni. Inafanya kazi kwa mtoto wa darasa la pili sawasawa na kwa mtu mzima. Haina gharama, na mtoto anaweza kuifanya kwenye chumba cha mtihani bila msimamizi kujua.

Ningependa kukuambia kwamba kazi inaishia hapo: maneno ubaoni, pumzi tano, watoto wamepona. Mipango mingi inayoletwa shuleni inaishia hapohapo, na ndiyo maana nataka nikusimulie ya Uingereza. Walijaribu kwa ukubwa hasa: wanafunzi zaidi ya 8,000 katika shule 85, watoto wa miaka 11 hadi 14. Walimu walifunzwa, wakawafundisha watoto mazoezi ya kutulia, kufuatilia pumzi, kuyatazama mawazo yakipita. Matokeo yakatoka mwaka 2022. Kwa wastani, waliofundishwa hawakuwa na nafuu kuwashinda wenzao walioendelea na vipindi vya kawaida. Wengi hata hawakuyafanya mazoezi wakiwa nyumbani. Walionufaika, angalau kwa muda, ni walimu wenyewe: uchovu wa kazi uliwapungua, na mazingira ya shule yakawa mema zaidi.

Nilikaa na habari hiyo siku kadhaa. Mimi naisoma hivi: zoezi bila mtu ni kikombe bila uji. Mtoto anaweza kujua kupuliza vizuri kabisa, lakini kama kinachomtia hofu kiko palepale, na hakuna wa kumwambia, atapuliza mpaka achoke.

Nirudi kwenye lile darasa la sita. Maneno yakiwa bado ubaoni, msichana mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono. "Mwalimu, kuna neno la mtu anayeogopa kengele ya kurudi nyumbani?"

Darasa lilikuwa na kelele za kupuliza, nadhani waliomsikia sawasawa ni mimi na mwalimu wake tu. Nikamjibu, "Lipo mama, tutalitafuta mimi na wewe na mwalimu wako baada ya kipindi." Yaliyofuata sitayasimulia, ni yake. Ila ningependa kila anayetaka kufundisha mambo haya alisikie swali lile kabla hajaingia darasani. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanywa Tanzania mwaka 2009 ulikuta kwamba karibu vijana watatu katika kila wanne walifanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18, na karibu wasichana watatu katika kila kumi walifanyiwa ukatili wa kingono. Darasa lenye wasichana 40, hesabu mwenyewe. Ukiwapa hao maneno, watayatumia. Na siku ya kuyatumia, nani amesimama mlangoni kuwapokea?

Wapwani wenzangu mnalijua neno somo. Lina maana mbili. Somo ni kipindi, dakika arobaini, kengele ikilia limekwisha. Na somo ni mtu. Binti akivunja ungo alikabidhiwa kwa somo wake, mwanamke wa kumfunda na kumsikiliza, ambaye angeweza kumuuliza lile asiloweza kumuuliza mama yake mzazi. Wavulana nao walikuwa na watu wao jandoni. Na kabla ya umri huo walikuwepo babu na bibi, ambao kwa utani waliruhusiwa kusikia yote. Msichana atamwita bibi yake mke mwenza, mvulana atamwita mke wangu, watachekana, na katikati ya kicheko mtoto atalitoa lile donge. Sisemi turudishe kila lililofanyika unyagoni na jandoni. Mengine yalikuwa na maumivu yasiyostahili kurudi. Nasema mtoto alikuwa na mtu wake, na kijiji kizima kilijua kwamba huyu ndiye mtu wake.

Leo bibi yuko Lushoto, mtoto yuko Mbagala, mama anatoka alfajiri na daladala ya kwanza na kurudi miguu imevimba. Anayekaa na mtoto saa nyingi za mchana ni shule. Shule ina masomo mengi, ratiba imejaa hadi pembezoni. Mtoto hana somo.

Ukienda kwenye makaratasi, yupo. Miongozo yetu inataka shule iwe na mwalimu wa malezi na unasihi. Kenya wanamwita mwalimu wa ushauri nasaha. Lakini sikiliza hili. Shule moja niliyofundisha tulikuwa na sanduku la maoni, la mbao, limepakwa rangi ya bluu, limepigiliwa ukutani nje ya ofisi. Kila muhula linafunguliwa, ndani mna vumbi na ganda la pipi. Siku moja nikamuuliza binti wa darasa la saba, mbona hamuandiki? Akanitazama kwa huruma kabisa. "Mwalimu, ufunguo anao mwalimu wa nidhamu."

Mwalimu wa nidhamu ndiye aliyekuwa mwalimu wa malezi. Mkono uleule.

Kwa hiyo swali kubwa kwangu ni ufunguo anao nani. Na hapa nina habari njema, kwa sababu mtu wa kuushika si lazima awe daktari. Kule Zimbabwe, mwaka 2006, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza kazi na bibi 14 katika mtaa wa Mbare, Harare. Aliwafunza kusikiliza na kumsaidia mtu alipange tatizo lake, akawakalisha kwenye benchi nje ya kliniki. Washona wana neno, kufungisisa, kuwaza kupita kiasi, sisi tungesema tu, "ana mawazo." Mtu mwenye mawazo alikuja akakaa na bibi. Jaribio lililochapishwa mwaka 2016 lilionyesha kuwa waliokaa na wale bibi walipata nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida ya kliniki.

Hao ni watu wazima. Kwa watoto wa shule, Wakenya wametuonyesha njia. Kijana mmoja, Tom Osborn, na wenzake walianzisha mpango wakauita Shamiri, kwa Kiswahili hikihiki, kwa maana ya kustawi. Wanafunzi wa sekondari wanakaa katika vikundi vidogo, saa moja kwa wiki, kwa wiki nne. Anayewaongoza ni kijana aliyemaliza sekondari juzijuzi tu. Hawaanzi na magonjwa. Wanaongea juu ya akili kwamba hukua na mtu hubadilika, juu ya kushukuru, juu ya yale ambayo kila mmoja anayathamini maishani. Mwaka 2021 walichapisha matokeo ya jaribio la wanafunzi 413 waliokuwa na dalili za sonona au wasiwasi mkubwa. Waliokaa kwenye vikundi vya Shamiri walipungukiwa dalili kuliko wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma katika vikundi kama hivyohivyo.

Kinachonigusa pale ni huyo kijana. Alikuwa kwenye sare kama ile mwaka juzi, anajua mtihani wa mwisho unavyonyima usingizi. Hana fimbo, hana kitabu cha alama. Mtoto akimwambia jambo halitamrudia kwenye ripoti.

Nimefika kwenye fimbo, na siwezi kuizunguka. Kanuni za Tanzania za adhabu ya viboko shuleni ni za mwaka 1979, zikarekebishwa mwaka 2002: visizidi vinne, vitolewe na mwalimu mkuu au aliyemruhusu kwa maandishi, viandikwe kitabuni. Kenya waliviondoa shuleni mwaka 2001. Vile viboko viwili nilivyompiga yule mtoto havikuandikwa popote, na sikumwomba mtu ruhusa. Niulize walimu wenzangu wangapi waliwahi kukiona kitabu hicho. Sasa mimi nitamchapa mtoto saa mbili, halafu saa nne nimwambie njoo, puliza uji, niambie unaogopa nini? Anachokiogopa kiko mkononi mwangu.

Natamka hivi nikiwa upande wa mwalimu, maana najua maisha yake. Tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016 watoto wameingia kwa wingi, na ni baraka, lakini mwalimu yule ni yuleyule mmoja mbele ya madawati yaliyofurika. Anatoka nyumbani na mikopo yake, na ndoa yake, na mgonjwa wake. Mkaguzi akija anauliza matokeo. Nani anamuuliza umeamkaje moyoni? Ile ya Uingereza ilinifundisha hilo pia: walionufaika walikuwa walimu, na sidhani ni jambo dogo. Chumba cha walimu ambamo mtu anaweza kusema "leo nina fadhaa, nishikie kipindi" kitazaa watoto watulivu kabla hata hatujabadilisha mtaala.

Kuna jambo moja nataka mwalimu na mzazi alishike leo, na naomba uongeze sauti kidogo. Mtoto akisema maneno kama "afadhali nisingekuwepo", usimkemee, usimwambie ana utovu wa imani. Muulize waziwazi, kwa upole, kama anafikiria kujidhuru. Wengi tunaogopa tutamtia wazo. Kuuliza hakutii wazo. Kunamwonyesha yupo mtu anayeweza kulisikia neno hilo na asikimbie. Kisha usimwache peke yake, mfikishe kituo cha afya au kwa ofisa ustawi wa jamii. Namba ya simu ya watoto ni 116, Tanzania na Kenya pia, ni bure, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kumhesabu mhalifu mtu aliyejaribu kujiua ni kinyume cha Katiba, nami nilishukuru niliposikia, kwa sababu mtoto hawezi kusema jambo ambalo anaamini litamfikisha polisi.

Nimalizie na shule ile ya darasa la sita. Mwalimu mkuu alikubali ombi langu moja: watoto wachague wenyewe, kwa karatasi za siri, mtu mzima pale shuleni ambaye wangeweza kumweleza jambo zito. Tulitegemea atashinda mwalimu fulani wa Kiswahili, mpole. Naye alipata kura nyingi. Aliyempita ni mama anayepika uji.

Mwalimu mkuu alisita. Si mwalimu, hana cheti, kesho wazazi watasema nini? Nikamsimulia habari za bibi wa Harare, tukawaita watoto wawili watatu tukawauliza kwa nini yeye. Mmoja akajibu, "Anajua nani hajala." Basi. Wakafunzwa siku chache, yeye na yule mwalimu wa Kiswahili: kusikiliza bila kukatiza, kutunza siri, na zipi si siri za kutunza, zile za mtoto aliye hatarini, na amkabidhi nani. Ufunguo wa sanduku la maoni la shule ile, mama wa uji anaufunga kwenye pembe ya kanga yake.

Nilipokwenda mara ya mwisho ilikuwa saa nne na dakika zake. Foleni ya uji ilikuwa imekwisha, watoto wametawanyika uwanjani, amebaki kijana mmoja mdogo, wa darasa la tatu nadhani, kasimama karibu na sufuria na kikombe chake kimejaa.

"Leo hunywi?"

"Wa moto."

Mama wa uji akakitazama kikombe. Moshi ulikuwa umekwisha kitambo. Akajifuta mikono, akavuta kigoda cha pili.

"Basi kaa hapa tuupulize," akamwambia. Wakapuliza wote wawili, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nami nikaondoka pale, kwa sababu yule mtoto alikuwa ameanza kuongea.